Kiingilio kimoja, bei tatu

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire hutoza bei tatu kwa kitu kimoja. Katika viwango vya miaka ya karibuni vya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, mtu mzima ambaye ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa Sh 10,000. Mgeni anayeishi nchini kwa kibali cha ukaazi hulipa dola 25 za Marekani. Mgeni aliyekuja kutembea tu hulipa dola 50, ambazo hushuka hadi 45 kati ya Machi 15 na Mei 15, wakati masika yanapoharibu barabara na kuwapunguza watalii. Juu ya kiasi hicho huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hivyo kinachotoka mfukoni ni Sh 11,800 kwa raia na dola 59 kwa mtalii. Wote watatu hupita geti moja, hukanyaga vumbi lilelile na kuwatazama tembo walewale.

Kwa mkazi wa Nangara, kata mojawapo ya Mji wa Babati, hifadhi hiyo ni ya jirani. Ukishika barabara kuu ya Arusha, ukapita Magugu yenye mashamba ya mpunga hadi Kwakuchinja, ni mwendo wa takriban kilomita 70, kisha kilomita chache za kuingia ndani hadi getini. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na sehemu kubwa ya kilomita 2,850 za mraba za Tarangire imo ndani ya mkoa huo. Hata hivyo safari nyingi za watalii huanzia na kuishia Arusha. Magari yao huonekana Babati pale tu yanapowapeleka kupanda Mlima Hanang au kutazama michoro ya mapangoni ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Dola 50, kila moja ikibadilishwa kwa takriban Sh 2,500, ni Sh 125,000, mara kumi na mbili na nusu ya anacholipa raia. Mtalii anayepiga hesabu hiyo kwa mara ya kwanza huona ameonewa. Lakini ughali wa kitu hupimwa pia kwa siku ambazo mnunuzi hutoka jasho ili akimudu. Tanzania ilipoingizwa na Benki ya Dunia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, Julai 2020, pato la wastani lilikuwa dola 1,080 kwa mtu kwa mwaka, karibu dola tatu kwa siku. Kwa kipimo hicho, dola 50 zingemla Mtanzania wa kawaida pato la siku 17, na Sh 10,000 humla pato la siku moja na theluthi. Mmarekani, ambaye pato la wastani la nchi yake linazidi dola 80,000 kwa mtu kwa mwaka, akitoa dola 50 hajatoa hata robo ya pato la siku moja. Kwa hiyo hata baada ya punguzo, mwenyeji ndiye anayekatwa sehemu kubwa zaidi ya alichonacho. Wanaozilaumu bei hizi hulisahau jambo hilo, na wanaozitetea kana kwamba raia amepewa zawadi hulisahau vilevile.

Mchumi Mwingereza Arthur Pigou aliuchambua utaratibu wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1920, The Economics of Welfare. Muuzaji huwagawa wanunuzi katika makundi na kulitoza kila kundi bei yake, na mambo mawili yakikosekana mpango huvunjika: makundi yatambulike, na aliyenunua kwa bei ya chini asiweze kumuuzia wa bei ya juu. Kiingilio cha hifadhi kinatimiza yote mawili. Kitambulisho cha taifa na pasipoti huwatenganisha watu papo hapo, na tiketi ya mtu mmoja haiuziki kwa mwingine. Kuna sababu ya tatu, ya kibiashara zaidi. Mtalii aliyevuka bahari kwa ndege, akalipia hoteli, gari na dereva, haahirishi safari kwa sababu ya dola 50 za getini, maana ni sehemu ndogo ya gharama yake yote. Mtu wa Babati akipandishiwa kiingilio hata kwa elfu tano hubaki nyumbani. Yule anayeweza kubeba hubebeshwa, na yule ambaye angekimbia hupunguziwa.

Mapato hayo hayaishii Tarangire. TANAPA husimamia hifadhi 21, na chache tu kati yake, hasa za ukanda wa kaskazini, ndizo zinazopata wageni wa kutosha kujigharamia. Kilimanjaro, Serengeti, Manyara na Tarangire zimekuwa zikizibeba hifadhi za kusini na magharibi ambako askari wa wanyamapori wanahitaji mishahara na mafuta ya doria kama wenzao, lakini watalii ni wa kuhesabika. Kiingilio cha mgeni wa Tarangire humlinda pia nyati wa Katavi.

Nani hasa ni mwenyeji? Jibu la TANAPA si la kijiografia wala la kikodi. Ni la uraia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa na nchi tatu mwaka 2000. Rwanda na Burundi zikajiunga mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024. Kila nchi inapoingia, raia wake huvuka kutoka bei ya dola kwenda bei ya shilingi. Matokeo yake, raia wa Kongo aliyetoka Kinshasa, upande wa pili wa bara, anastahili bei ya jirani, wakati Mmalawi au Mzambia, ambaye nchi yake inapakana na Tanzania, anahesabiwa pamoja na Mjerumani. Mtanzania aliyechukua uraia wa Uingereza naye hupoteza bei ya raia, kwa kuwa sheria ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika pasipoti mbili. Anaweza kuwa mzaliwa wa Nangara, ndugu zake wote wako Nangara, na bado getini ni mgeni.

Bei ya katikati, ile ya mkaazi, inawahusu watu kama madaktari na wauguzi wa kigeni wanaohudumu katika hospitali za misheni za ukanda huu. Haydom, hospitali ya Kilutheri wilayani Mbulu iliyoanzishwa mwaka 1955 kwa msaada wa Wanorwe, imekuwa na wageni wa aina hiyo kwa vizazi. Mgeni huyu hulipa kodi ya mshahara nchini na hununua sokoni kama wengine, lakini hana haki ya bei ya raia. Nusu bei ni suluhu ya kati kwa kati, na ina mantiki: hatendewi kama mpita njia, wala hapewi kile ambacho raia hukipata kwa kuwa mali hiyo ni yake kisheria.

Hapo ndipo hoja yenye uzito zaidi ya kumpunguzia mwenyeji inapoanzia. Mwenyeji hulipia hifadhi kabla hajafika getini, na hulipa kila mwaka, aende asiende. Tarangire ni hifadhi ya kiangazi. Kuanzia Julai hadi Oktoba wanyama hukusanyika kandokando ya Mto Tarangire kwa sababu maji ya kwingine yamekauka, na hapo ndipo mtalii huona makundi makubwa ya tembo. Mvua zikinyesha, pundamilia, nyumbu na tembo hutoka nje ya mipaka. Wengine huelekea mashariki kwenye mbuga za Simanjiro, wengine magharibi kwa njia ya ushoroba wa Kwakuchinja kuelekea Ziwa Manyara. Kwa miezi mingi ya mwaka, wanyama ambao mtalii wa Agosti amewalipia hula majani ya ardhi ya vijiji, na mara nyingine hula visivyo majani: mahindi, mbaazi, alizeti.

Mkulima aliyepata hasara hiyo haendi mahakamani kudai fidia. Kanuni za mwaka 2011 zinampa kifuta jasho, na familia iliyofiwa na mtu aliyeuawa na mnyama hupewa kifuta machozi. Viwango vilivyowekwa na kanuni hizo vilikuwa Sh 1,000,000 kwa kifo. Kwa mazao, kiwango cha juu kilikuwa Sh 100,000 kwa ekari, tena kwa shamba lililo mbali na mpaka wa hifadhi, na malipo yasizidi ekari tano. Aliyelima ndani ya nusu kilomita kutoka mpakani hakustahili kitu, kwa hoja kwamba alijua anakolima. Weka viwango hivyo kando ya bango la bei la getini: ekari nzima ya mahindi iliyoliwa na tembo, kwa kiwango cha juu kabisa, haikufikia kiingilio cha mtalii mmoja kwa siku moja. Baada ya hesabu hiyo, anayeuliza kwa nini mtu wa Babati aingie kwa elfu kumi anauliza swali lililopinduliwa.

Kuna njia nyingine za kurudisha fedha kwa anayeishi na wanyama, na Babati imekuwa uwanja wa majaribio. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, iliyoidhinishwa katikati ya miaka ya 2000, inaunganisha vijiji kama Mwada, Sangaiwe, Vilima Vitatu na Minjingu, vilivyo kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Vijiji hivyo vilitenga ardhi isilimwe. Wawekezaji hulipia kambi na hoteli, watalii hulipia kuingia na kulala, na sehemu ya mapato hugawanywa kwa vijiji wanachama vikajengea madarasa na zahanati. Upande wa Simanjiro, kampuni za utalii ziliafikiana katikati ya miaka hiyohiyo kukilipa kijiji cha Terrat kila mwaka ili mbuga yake ibaki malisho ya mifugo na wanyamapori isigeuzwe shamba. Huko bei ya mgeni inaonekana ikigeuka kuwa faida ya mwenyeji bila kupitia njia ndefu ya bajeti ya taifa. Lakini mgawo huo ni wa vijiji wanachama, vyote vya vijijini. Nangara, iliyo ndani ya mamlaka ya mji, haimo. Kwa mkazi wake, karibu kitu pekee ambacho mfumo mzima wa hifadhi unampa moja kwa moja ni ile tofauti ya bei getini.

Njia ndefu ya bajeti nayo imebadilika. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliondoa makusanyo mikononi mwa TANAPA na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na kuyaelekeza Mfuko Mkuu wa Hazina, Mamlaka ya Mapato ikiwa mkusanyaji. Hatua hiyo ilikuja mwaka mbaya kuliko yote. Watalii wa nje walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020 kwa sababu ya janga la Uviko-19, na hifadhi zilizozoea kuishi kwa dola za wageni zikajikuta zimeegemea ukuta uliobomoka. Huo ndio udhaifu mkuu wa bei hizi unaofaa kuogopwa. Suala la haki kwa mtalii lina majibu. Hatari ni kwamba hifadhi hujifunza kumtazama mlipaji mmoja tu, na siku asipokuja hakuna mwingine aliyeandaliwa.

Malalamiko mengine yenye msingi yanahusu mabadiliko ya ghafla. Juni 2016 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alitangaza katika bajeti kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma za utalii, nayo ikaanza Julai 1. Waendeshaji utalii walikuwa wamekwisha kuuza safari za msimu mzima kwa bei ya zamani, na wengi walilazimika kuifidia kodi hiyo kutoka mifukoni mwao au kumrudia mteja kumwomba nyongeza. Mtalii anavumilia bei kubwa aliyoambiwa mapema. Asichovumilia ni bei inayobadilika akiwa njiani.

Tanzania haiko peke yake katika hili, wala haiko mbele. Katika hifadhi ya Maasai Mara, upande wa Kenya, Kaunti ya Narok mwaka 2024 iliweka kiingilio cha dola 100 kwa mgeni kati ya Januari na Juni na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, msimu wa nyumbu kuvuka mto. Serengeti, hifadhi ile ile kwa mnyama asiyejua mpaka, ilikuwa dola 70 msimu wa juu. Rwanda ilipandisha kibali cha kutazama sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500 Mei 2017, na bei hiyo ikawa ya wote. Baadaye ikalegeza na kuwatoza Wanyarwanda na raia wa Jumuiya dola 200. Kwa kibali kama hicho Uganda hutoza mgeni wa nje dola 800 tangu Julai 2024, na raia wa Afrika Mashariki Sh 300,000 za Uganda. Nje ya kanda, Taj Mahal ya India humtoza Mhindi rupia 50 na mgeni 1,100. Petra ya Jordan ndiyo iliyoenda mbali zaidi: dinari moja kwa Mjordani na 50 kwa mgeni aliyelala nchini, na ambaye hakulala hata usiku mmoja hulipa 90.

Kwa miaka mingi Ulaya iliutazama utaratibu huu kama desturi ya nchi maskini. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika hukumu ya Januari 2003, iliikosoa Italia kwa kuwapa wazee raia wa Italia na wakazi wa miji husika, na si Wazungu wengine, nafuu katika makumbusho kama Jumba la Doge la Venice. Hukumu hiyo iliwalinda raia wa nchi wanachama tu. Januari 2026 makumbusho ya Louvre mjini Paris yalianza kuwatoza wageni wanaotoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya euro 32 badala ya 22. Mwezi huohuo hifadhi 11 maarufu za Marekani, zikiwamo Yellowstone na Grand Canyon, zilianza kumtoza asiye mkazi dola 100 zaidi ya kiingilio cha kawaida, na kadi ya mwaka mzima ikawa dola 250 kwake na dola 80 kwa mkazi. Mtu wa Nangara akifika Paris atalipa bei ya mgeni, na kwa pato lake hakuna wa kumwambia kwamba ni robo ya siku. Hoja ya uwezo wa kulipa, iliyo msingi wa bei za Tarangire, huko haipo kabisa. Iliyobaki ni hoja ya umiliki: walipa kodi wa nchi wamekwisha kuchangia.

Karibu na Nangara yenyewe kuna vivutio ambavyo havina bango la bei. Ziwa Babati, lenye viboko, halina geti. Anayetaka kuzungushwa kwa mtumbwi hupatana na mwenye mtumbwi, na mgeni mweupe hutajiwa bei yake kwa kutazamwa usoni. Tofauti kati ya hapo na Tarangire si ukubwa wa pengo. Ni kwamba getini bei imeandikwa na risiti inatolewa, ziwani inategemea ulimi wa mtu na njaa ya siku hiyo. Bei mbili zilizotangazwa ni sera. Zisipotangazwa, mgeni huondoka akiamini amelanguliwa hata kama alilipa kidogo, na simulizi hiyo kuhusu Babati huenda naye kokote aendako.

Linabaki swali la kama punguzo linamfikia aliyelengwa. Takwimu za taifa zinaonyesha watalii wa ndani wamewazidi wa nje: mwaka 2024 walihesabiwa zaidi ya milioni 3.2 dhidi ya milioni 2.1. Lakini hifadhi ya savana haiingiwi kwa miguu. Familia ya watu wazima wawili na watoto wawili wenye umri kati ya miaka 5 na 15 hulipa Tarangire Sh 28,320 pamoja na kodi, na gari dogo lenye namba za Tanzania huongeza Sh 20,000 kabla ya kodi. Kiasi hicho familia nyingi za mjini zinaweza kukidunduliza. Kinachozishinda ni gari lenyewe. Daladala na mabasi ya Arusha huishia kumshusha abiria Kwakuchinja, na kutoka hapo bodaboda haiwezi kumpeleka katikati ya simba. Gari la kukodi linalofaa barabara za porini, pamoja na mafuta na dereva, hugharimu kwa siku moja laki kadhaa, mara nyingi zaidi ya viingilio vyote vya familia. Kwa hiyo bei ya raia hufaidiwa zaidi na mwenye gari lake, na huyo pengine angeweza kulipa zaidi ya elfu kumi bila kunung'unika.

Shule zimeligundua hili mapema kuliko wapanga sera. Hukusanya michango, hukodi basi au kosta na kuondoka alfajiri, na gharama ya usafiri ikigawanywa kwa abiria 30 hushuka hadi kukaribia kiingilio chenyewe. Vikoba, vikundi vya makanisa na misikiti, na wafanyakazi wa ofisi moja hufanya vivyo hivyo wakati wa sikukuu. Gari la pamoja linaloondoka stendi ya Babati kila Jumamosi ya kiangazi, kwa nauli inayojulikana, lingefungua geti la Tarangire kwa watu wa Nangara zaidi kuliko kupunguza kiingilio kwa elfu tano nyingine, na lingeweza kugharamiwa na sehemu ndogo sana ya dola zinazolipwa getini siku hiyohiyo.